Mstari Unaoinama

Sarufi ya Kiingereza ina mengi ya kumchosha mtu na machache ya kumfurahisha. Katika hayo machache ninalo moja ninalolipenda kupita yote: mstari mfupi, usiozidi urefu wa ukucha, unaochorwa baina ya kitenzi na neno linalokifuata, katika ule mtindo wa kuchora sentensi uliofundishwa katika shule za Marekani kwa vizazi kadhaa. Mstari huo hausimami wima. Umeinama, na kichwa chake kimeelekea nyuma, kule kiliko kiima. Waliouinamisha walikuwa na sababu, na ndani ya sababu hiyo mna maelezo kamili ya namna lugha inavyothubutu kusema kwamba kitu fulani ni kitu fulani.

Ufundi wenyewe ulitoka Brooklyn, New York. Alonzo Reed na Brainerd Kellogg walikuwa walimu wa taasisi ya Polytechnic mjini humo, na mwaka 1877 walichapisha kitabu chao Higher Lessons in English, kilichoueneza mchoro huu kila pembe ya nchi. Kabla yao mwanafunzi alijifunza sarufi kwa kinywa. Mwongozo mkubwa ulikuwa sarufi ya mwaka 1795 ya Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, Uingereza. Mtoto alisimama akaichambua sentensi neno baada ya neno: hili ni jina, la umoja, liko katika nafasi ya kiima, hiki ni kitenzi, cha wakati uliopita, kinakubaliana na jina lile. Aliyekuwa na kumbukumbu nzuri alipita bila taabu. Kama alielewa au hakuelewa, mwalimu hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu kukariri na kuelewa vikitoka mdomoni vina sauti moja.

Wa kwanza kujaribu kuileta sarufi machoni, kwa namna iliyopata wafuasi, alikuwa Stephen Watkins Clark, mwalimu wa mji mdogo wa Homer katika jimbo hilohilo la New York. Katika kitabu chake cha mwaka 1847 alilitia kila neno ndani ya kiputo, kisha akavigandisha viputo kimoja kwa kingine kufuatana na kazi ya kila neno. Lilikuwa wazo la kishujaa. Lakini ukiitazama sentensi ndefu iliyochorwa na Clark, viputo vimesongamana hata jicho halijui lianzie wapi. Reed na Kellogg waliona kwamba kiputo hakina kazi. Kinachobeba maana ni mshikamano wa maneno, na mshikamano unaweza kuonyeshwa kwa mstari peke yake. Wakaviondoa viputo, wakabakiza mistari, na kila mstari wakaupa mwelekeo wenye maana.

Kanuni zao ni chache. Chora mstari mlalo: huo ndio msingi wa sentensi. Ukate kwa mstari wima unaouvuka kabisa, juu hadi chini. Kushoto andika kiima, kulia andika kitenzi. Mkato huo ndio pekee unaoupasua msingi, maana hakuna mpaka mkubwa zaidi katika sentensi kuliko ule unaomtenga mtajwa na lile linalosemwa juu yake. Kama kitenzi kina yambwa, weka mstari mwingine wima baada yake, ila huu ukome juu ya msingi, usiuvuke. Vivumishi na vielezi huning'inia chini kwa mishazari, kila kimoja chini ya neno kinalolihudumia. Kihusishi hukaa kwenye mshazari wake, na jina linalokifuata hulala kwenye mstari mlalo mwishoni mwa mshazari huo. Mtu anayeitwa kwa jina ili asikilize, na mguno wa mshangao, huelea juu ya msingi bila kuugusa, kwa kuwa havikushikamana na kitu chochote chini.

Kufikia hapo mtu angeweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Ilibaki aina moja ya sentensi, na hiyo ndiyo iliyouleta mstari wetu.

Chukua sentensi mbili za Kiingereza: "The farmer grew maize" na "The farmer grew old." Kwa jicho la haraka ni pacha. Kiima ni kilekile, kitenzi ni kilekile, na kila moja imemalizia na neno moja tu. Lakini ya kwanza inasema mkulima alilima mahindi, na ya pili inasema mkulima alizeeka. Mahindi ni kitu kingine mbali na mkulima. Yeye yupo hapa na mahindi yapo shambani, na kitenzi kimetoka kwake kikayafikia. Uzee hauko shambani. Uzee ni yeye mwenyewe. Kitenzi hakikwenda popote. Kilimgeukia mwenyewe kikatueleza amekuwaje. Katika mchoro wa kwanza, baada ya kitenzi unasimama mstari wima. Katika mchoro wa pili unainama kuelekea kwa mkulima, kana kwamba unasema: neno linalofuata, mrudishie huyu.

Huo ndio mstari wa vitenzi ambavyo sarufi zetu huviita vishirikishi. Walimu wa Brooklyn walieleza sababu ya kuuinamisha bila kuzunguka: kijalizo kinachokuja baada yake ni sifa ya kiima, kwa hiyo mstari umwelekee mwenye sifa yake. Ninachokistahi hapa ni uchache wa vifaa. Hawakuongeza rangi, wala herufi ya alama, wala mshale. Waliubadilisha pembe mstari uliokwisha kuwapo, na tofauti kubwa kabisa katika tabia ya vitenzi vya Kiingereza ikaonekana hata kwa mtoto aliyeketi nyuma ya darasa.

Mfalme wa vitenzi hivyo ni "be", naye ni mfalme wa nasaba iliyochanganyika. "Am" na "is" vimetoka katika shina moja la kale, "be" katika shina la pili, "was" na "were" katika shina la tatu. Lugha ikavikusanya vyote ikavifanya kitenzi kimoja. Nyuma yake lipo kundi lenye siri zaidi: "seem", "become", "remain", kisha vile vya milango ya fahamu, "look", "sound", "smell", "taste" na "feel". Hivi vya mwisho vina nyuso mbili, na hapo ndipo mchoraji anapopimwa. Daktari akigusa paji la uso la mtoto, Kiingereza husema "The doctor felt the child's forehead." Mtoto mwenyewe akiwa dhaifu, husema "The child felt weak." Kipimo cha kuvitenga ni cha kale na bado kinafanya kazi: ondoa kitenzi, weka "was" mahali pake. Mtoto alikuwa dhaifu. Hilo lina akili. Daktari alikuwa paji la uso, hilo halina. Penye akili mstari huinama, pasipo na akili husimama.

Kutokana na pembe hiyo ndogo, mafundo mengi hufunguka yenyewe. Kwa nini Kiingereza sanifu husema "He looked angry", lakini kikasema "He looked angrily at the door"? Katika ya kwanza hasira ni hali ya mtu, basi neno lake liko juu ya msingi, nyuma ya mstari ulioinama, na lazima liwe kivumishi. Katika ya pili hasira ni namna ya kutazama, basi neno lake linaning'inia chini ya kitenzi, na lazima liwe kielezi. Mwanafunzi hana haja ya kukariri orodha. Anahitaji kuuliza tu: neno hili nalipeleka kwa nani?

Zipo sentensi ambazo hata kipimo hicho hakizitoshi mpaka mtu atulie. "She made a good table" ni mwanamke fundi aliyetengeneza meza nzuri. "She made a good teacher" ni mwanamke aliyekuwa mwalimu mzuri. Kwa maneno hazitofautiani ila mwishoni, na bado ya kwanza inataka mstari wima na ya pili inataka mstari ulioinama. Ukikosea, umemfanya mama wa watu atengeneze mwalimu kwa msumeno na randa. Hapa sarufi haiwezi kuchorwa na mtu asiyeielewa maana, na ndiyo maana nauita huu ufundi, si utaratibu. Mkono hautulii mpaka akili iamue.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuutazama mstari huu kwa makini, kwa kuwa lugha yetu imegawa kazi kwa namna nyingine. Mengi ambayo Mwingereza huyasema kwa kishirikishi na kivumishi, sisi huyasema kwa kitenzi kimoja kilichokamilika. Mkulima huzeeka, mtoto huchoka, maziwa huchacha, ua hunukia. Hakuna mahali pa kuweka mstari wa kuinama, kwa sababu sifa na kitenzi vimezaliwa pamoja. Njaa tunayo, hatuwi. Ndiyo maana mwanafunzi wa Mombasa au Morogoro anayeanza Kiingereza huandika "I have hunger" bila wasiwasi: anatafsiri "nina" yake kwa uaminifu. Hajui bado kwamba Kiingereza hapo kinataka kimtambulishe kwa hali yake, na mchoro ungemwonyesha mara moja.

Lakini penye "ndi-" Kiswahili kimefanya jambo ambalo Reed na Kellogg wangelifurahia. Tunasema "Kitabu hiki ndicho", "Mama ndiye", "Kupotea njia ndiko kujua njia." Kishirikishi hiki kinabeba ndani yake alama ya ngeli ya kiima. Kwa kitabu kinakuwa "ndicho", kwa mama "ndiye", kwa kupotea "ndiko". Walichokifanya wao kwa wino, kuuelekeza mstari kwa mwenyewe, ngeli zetu zimekifanya kwa sauti tangu zamani.

Nusu ya pili ya ufundi huu ni panda. Sentensi inapotaja vitu viwili au vitatu vyenye hadhi moja, msingi hugawanyika kama njia panda. Mistari sambamba hulala mmoja juu ya mwingine, na mstari wa nukta huiunganisha, umebeba kiunganishi: "and", "or", "but". Kila tawi la panda lina haki sawa na mwenzake, na haki hiyo ina sharti: kinachokaa katika tawi moja lazima kiwe cha namna ile ile ya kinachokaa katika jingine. Hiyo ndiyo kanuni ya usambamba, ambayo vitabu vya uandishi wa Kiingereza huirudia kila ukurasa na wanafunzi huisahau kila insha.

Uzuri wa panda ni kwamba haibishani na mtu. Mwandishi akiandika "I like swimming, to read and football", mwalimu anaweza kumweleza kwa dakika kumi kwamba orodha yake imepinda, naye akajibu kwamba kila mtu ameielewa. Ni kweli, imeeleweka. Sasa ichore. Kwa kanuni za Reed na Kellogg, kitenzi-jina chenye "-ing" hukaa juu ya mstari uliovunjika kama ngazi, nao umeinuliwa juu ya nguzo. Kitenzi chenye "to" nacho husimama juu ya nguzo, ila mstari wake ni wa mshazari unaoishia kwenye mlalo. Jina la kawaida halihitaji nguzo wala ngazi. Hulala palepale kwenye tawi. Kwa hiyo panda moja imebeba maumbo matatu: ngazi juu ya nguzo, mshazari juu ya nguzo, na mstari mtupu. Mwandishi akiutazama mchoro wake mwenyewe hana la kubisha. Akibadilisha yote yawe na "-ing", yaani kuogelea, kusoma na kucheza mpira, panda inatengemaa, matawi yote yanavaa umbo moja.

Kosa hili lina mizizi ya kueleweka kwetu. Kiswahili hakitofautishi "swimming" na "to swim". Vyote viwili ni "kuogelea", neno ambalo ni kitenzi na ni jina kwa pamoja, lenye ngeli yake na upatanisho wake: kuogelea kwangu, kusoma kwako. Mwanafunzi wetu anapoyachanganya maumbo mawili ya Kiingereza katika orodha moja, si mzembe. Masikio yake yanasikia usambamba kamili, "ku-" na "ku-", pale ambapo jicho la Mwingereza linaona ngazi na mshazari. Kumwambia "sikiliza vizuri" hakumsaidii, kwa kuwa amekwisha kusikiliza. Kumwambia "chora" kunamsaidia.

Panda hufichua pia kosa ambalo waandishi wakongwe wa Kiingereza wenyewe hulitenda: kuweka jozi ya viunganishi mahali pasipo pake. "She not only speaks English but also French." Jozi "not only" na "but also" ndiyo inayoonyesha njia inagawanyika wapi, na hapa imetiwa kabla ya kitenzi. Basi panda lazima ianzie kwenye kitenzi. Tawi la juu linapata "speaks English", tawi la chini linapata "French" peke yake, lugha isiyo na wa kuizungumza. Mchoro una shimo mahali palipostahili kuwa na kitenzi. Sogeza "not only" mbele kidogo, useme "She speaks not only English but also French", na panda nayo inahama. Sasa inagawanyika baada ya kitenzi, Kiingereza juu na Kifaransa chini, kitenzi kimoja kikivihudumia vyote viwili. Neno limehama hatua moja na jengo lote limesimama.

Usambamba si wa kukosoa tu. Huonyesha pia werevu wa mwandishi. Abraham Lincoln, katika hotuba yake ya Gettysburg ya tarehe 19 Novemba 1863, alimalizia kwa serikali ambayo ni ya watu, inayoendeshwa na watu, kwa ajili ya watu. Katika Kiingereza chake hayo ni mafungu matatu ya kihusishi na jina, yote matatu yakitundikwa chini ya neno moja, serikali. Ukiyachora unapata mishazari mitatu iliyopangana, kila mmoja na kihusishi chake, na mwisho wa kila mmoja neno lilelile: watu, watu, watu. Angeweza kubana akaunganisha vihusishi vitatu na kuweka jina moja. Mchoro wa namna hiyo ungekuwa na mwisho mmoja na ungeokoa maneno manne. Hakubana. Alitaka watu wasimame mara tatu, na mchoro unaonyesha wazi kwamba kinachobadilika ni uhusiano tu, wahusika hawabadiliki.

Zipo sentensi ambamo mstari unaoinama na usambamba hukutana, na kwangu hizo ndizo kilele cha kazi yote. Waingereza wana msemo "Seeing is believing", kwamba kuona ndiko kuamini. Kiima ni kitenzi-jina, kwa hiyo kimepanda ngazi juu ya nguzo. Kijalizo nacho ni kitenzi-jina, ngazi nyingine juu ya nguzo nyingine. Katikati yao ni kitenzi kifupi "is" na mstari wake ulioinama. Mchoro unafanana pande zote mbili, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu msemo wenyewe unadai kwamba pande mbili ni kitu kimoja. Ukisema "Seeing is to believe", maana haijaharibika sana, ila mchoro umekuwa chongo: ngazi upande mmoja, mshazari upande wa pili. Umedai usawa kwa vitu ambavyo umekataa kuvivalisha sawa.

Methali zetu zinajua siri hiyo bila kuchorwa. "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu" ina vishirikishi viwili na majina manne, matatu kati yake ya ngeli ya U, na kila nusu inaijibu mwenzake neno kwa neno. "Kupotea njia ndiko kujua njia" inarudia hata jina la mwisho. Hakuna aliyewafundisha wazee kanuni ya usambamba. Ila kauli inayodai kwamba hiki ni kile hudumu zaidi kinywani pande zake zikilingana, na zile ambazo hazikulingana huenda zilisahauliwa njiani.

Hata hivyo, ni vibaya kukisifu chombo bila kusema kinaishia wapi. Mchoro wa Brooklyn ulitengenezwa kwa lugha inayoacha nafasi baina ya maneno yake, na msumeno uliotengwa kwa mbao laini haufai kuelekezwa kwenye mpingo. Chukua neno letu moja, "nimekisoma". Ndani yake kuna kiima, kuna wakati, kuna yambwa na kuna shina la kitenzi. Mkato mkubwa wa mchoro, ule unaouvuka msingi, ungelipasua neno lenyewe katikati, na yambwa ingejikuta mbele ya kitenzi badala ya nyuma yake. Ndiyo maana shule zetu, katika uchanganuzi wa sentensi, hutumia matawi na majedwali: sentensi inagawika kuwa kirai nomino na kirai kitenzi, na kila kirai kinagawika tena mpaka neno la mwisho. Mti wa aina hiyo ni mtoto wa isimu ya karne ya 20, hasa ile iliyoenezwa na Noam Chomsky tangu kitabu chake cha mwaka 1957, na unafaa kwa lugha nyingi kuliko mistari ya Reed na Kellogg. Lakini mti hutofautisha kwa herufi. Kishirikishi na kitenzi kikuu hukaa katika tawi la umbo lilelile, ila vimeandikiwa alama tofauti. Hakuna kinachoinama. Usahihi umeongezeka, na jicho limepoteza kitu.

Katika Marekani kwenyewe mchoro haukushindwa na mti. Ulishindwa na swali rahisi: je, humfanya mtoto aandike vizuri zaidi? Mwaka 1963 Richard Braddock, Richard Lloyd-Jones na Lowell Schoer walitoa ripoti iliyopitia tafiti za ufundishaji wa uandishi. Walihitimisha kwamba kufundisha sarufi rasmi hakuna faida ya maana kwa uandishi wa wanafunzi, na huweza hata kudhuru, kwa kuwa hula muda wa kuandika kwenyewe. Mwaka 1985 Baraza la Kitaifa la Walimu wa Kiingereza la nchi hiyo likapitisha azimio la kupinga mazoezi ya sarufi yaliyotengwa na kuzungumza na kuandika. Mchoro ukatoka katika madarasa mengi, ukabaki kwa walimu wachache wenye mapenzi nao.

Sioni sababu ya kubishana na hitimisho hilo. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kuchora mto. Anayetaka kuandika aandike, asome, aandike tena. Kosa lilikuwa kuuahidi mchoro kazi isiyo yake. Mwandishi Gertrude Stein, aliyefundishwa mchoro huu akiwa mtoto huko Marekani, alisema baadaye katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1935 kwamba hajui kitu kilichowahi kumsisimua kuliko kuchora sentensi. Lakini mihadhara yake haifuati mpangilio ambao mwalimu yeyote wa shule angeukubali kwa furaha. Mchoro haukumfundisha kuandika kwa adabu. Ulimfundisha kuona kwamba sentensi ina mwili, na baada ya hapo aliutumia mwili huo alivyotaka.

Kuona ndiyo kazi yake, na kuona huko kuna matumizi nje ya darasa. Kila siku tunasikia sentensi zenye kishirikishi: fulani ni mwizi, mpango huu ni ukombozi, wale ni maadui wa maendeleo. Ni sentensi fupi, na ufupi wake huzifanya zionekane kama taarifa. Ukizitazama kwa jicho la mchoraji, unaona kwamba uzito wote umekaa juu ya mstari mmoja ulioinama. Mstari huo unadai kwamba neno la kulia ni mali ya mtu wa kushoto. Nani ameuinamisha, na kwa ushahidi gani? Kiima kinaweza kuwa cha kweli na kijalizo kikawa neno halali kabisa, uongo wote ukakaa katika kiungo.

Panda nayo ina hila zake. Mtu akisema kwamba mgombea wake ni mwaminifu, ni mchapakazi na ni mzoefu, ulingano wa maneno hubeba sifa zote tatu kwa pumzi moja. La kwanza likiwa kweli, la tatu huingia kwa mgongo wa la kwanza. Mchoro hauruhusu hilo. Unayalaza matawi matatu, kila moja na mstari wake, unarudisha kila moja kwa kiima peke yake, na mtazamaji analazimika kuyajibu moja moja: mwaminifu, ndiyo, mchapakazi, labda, mzoefu, wapi na lini?

Reed na Kellogg hawakuandika kitabu cha siasa. Walitaka watoto waache kukariri. Hata hivyo, msomaji aliyewahi kuinamisha mstari huo kwa mkono wake, akafikiri kwanza kama unastahili kuinama, amepata zoea ambalo si la Kiingereza peke yake: akisikia kwamba hiki ni kile, huuliza kwanza ni nani aliyeviunganisha, na kwa haki gani.